Mzee Kobelo Hajaulizwa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa kwenye benchi la klabu yetu ya kriketi, Kigurunyembe, hapa Morogoro. Nimefungwa pedi za kukinga mpira miguu yote miwili, na ya kushoto iko juu chini. Nilijua ni ndoto kwa sababu benchi halikuwa na msumari. Benchi letu la kweli lina msumari uliochomoza, na kila mwanachama ana suruali ya kuthibitisha hilo.

Kando yangu lilikuwa limekaa rola la klabu, lile pipa la chuma tunalosukuma kusawazisha uwanja kabla ya mechi. Lilikuwa limekunja nne.

"Habari za kusubiri?" rola likaniuliza.

"Nzuri tu. Kwani nasubiri nini?"

"Zamu yako ya kupiga. Mwaka wa tisa huu umekaa hapo na pedi. Wewe si ndiye naibu katibu?"

Nikakubali. Mimi ni naibu katibu, ndotoni na nje ya ndoto. Naitwa Banzi, nauza dawa za mifugo karibu na soko, na kazi yangu klabuni, kwa mujibu wa katiba, ni kufanya kazi zote za katibu endapo katibu hayupo. Katibu ni Mzee Kobelo, na Mzee Kobelo yupo siku zote. Ndiyo maana niliukubali huo unaibu.

Inabidi niseme kidogo habari zake. Ana miaka arobaini na moja klabuni. Ndiye mpigaji wetu wa kwanza, ndiye katibu, ndiye anayekata nyasi, anayechora mistari ya chokaa, anayeandika barua kwa klabu za mikoani na anayejua beseni la sambusa limefichwa wapi. Kila siku ya mechi hunipigia simu saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza swali moja: "Kwenu imenyesha?" Na leo hii saa nane mchana ndiyo sherehe ya kumuenzi, na mimi ndiye niliyepewa karatasi ya kusoma.

Basi nikatazama uwanjani, nikamwona. Yuko katikati, mbele ya vijiti vyake vitatu, anapiga. Nyasi zimemfika magotini. Juu ya kofia yake ngumu tetere amejenga kiota na analalia mayai mawili, na kila mpira unapokuja Mzee anausukuma taratibu kando ili ndege asishtuke. Kwa mpigaji wa miaka sitini na tisa, mkono wake ulikuwa bado safi kabisa.

Kwenye ubao wa matokeo hapakuwa na namba. Paliandikwa BADO.

"Ameanza lini kupiga?" nikauliza.

"Tangu elfu moja mia tisa themanini na tatu," rola likasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa bado napakwa rangi."

"Na hao wadakaji?"

Maana waliomzunguka uwanjani, kila mmoja mahali pake pa kudakia mpira, hawakuwa watu. Zilikuwa saa za ukutani, saba, zile za duara zenye fremu ya rangi ya dhahabu, zimesimama kwa vimiguu vyembamba na kofia nyeupe. Kila moja ilionyesha wakati wake. Moja ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji kwa nyuma, na maji yalikuwa yanatiririka kweli, yanalowanisha uwanja.

"Unazijua wewe," rola likasema. "Nyingine ulizifunga mwenyewe kwenye karatasi ya zawadi."

Kweli nilizijua. Hizo ni saa ambazo klabu imempa Mzee Kobelo kwa nyakati tofauti. Sisi mtu akifanya vizuri tunampa saa ya ukutani. Hatujui zawadi nyingine.

Mpira unakuja. Unampiga Mzee Kobelo mguuni, mbele kabisa ya vijiti vyake, paa. Hata mimi, ambaye macho yangu yanatumia miwani ya kusomea maandishi ya chupa za dawa, naona wazi kwamba huyu ametoka, maana mguu wake ndio uliozuia mpira usiangushe vijiti. Nangoja mwamuzi anyanyue kidole cha kumtoa, lakini hakuna kidole kinachonyanyuka, na mrushaji anarudi kuanza mbio upya.

Nikainuka kwenda kumuuliza mwamuzi. Pedi ya juu chini inanifanya nitembee kama bata. Nilipofika nikakuta mwamuzi ni koti jeupe tupu. Ndani yake hapakuwa na mtu, ila lilisimama wima na mifukoni lilikuwa na vijiwe sita vya kuhesabia mipira, kama kawaida.

"Shikamoo," nikaliambia, maana koti lilikuwa la zamani kuliko mimi.

"Marahaba. Pedi umevaa vibaya."

"Najua. Mbona hukumtoa Mzee? Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Nimeona mara elfu sita na kitu. Lakini kanuni ya thelathini na moja inasemaje?"

Kanuni hiyo kila mcheza kriketi anaijua, na asiyejua nitamweleza hapa hapa, ni fupi. Mwamuzi hata akiona kwa macho yake kwamba mpigaji ametoka, hana ruhusa ya kumtoa mpaka mtu aulize. Lazima mmoja wa wadakaji ageuke kwake aseme, "Vipi hapo?" Pasipo swali hakuna hukumu, na mpigaji anaendelea.

"Hizi saa hazijui kuuliza," koti likasema. "Zinajua kupiga makofi tu."

Na kweli, papo hapo zile saa saba zikaanza kupiga makofi kwa mishale yao, tik tik tik, kwa heshima, huku zinamtazama Mzee. Mzee Kobelo akainua gongo lake la kupigia kidogo kuzishukuru. Nikaona gongo limeanza kumzidi uzito. Moyo ukaniuma, nasema wazi.

"Basi mimi nitauliza," nikasema.

"Karibu. Ila unajua kinachofuata. Akitoka huyu, anayefuata anaingia. Ana dakika tatu za kufika katikati."

"Anayefuata ni nani?"

Mkono wa kushoto wa koti ukaelekea kwenye pedi zangu.

Nikasema nilikuwa natania. Nikageuka nirudi benchini, na benchi likawa halipo. Mahali pake palikuwa ukumbi wa mkutano mkuu wa mwaka, viti vya plastiki na feni inayozunguka upande mmoja tu, na mwenyekiti wetu, Bwana Hasmukh, amekaa mezani na sahani ya sambusa. Bwana Hasmukh anauza vifaa vya ujenzi na ni mtu mwema kupita kiasi. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinamfurahisha.

"Banzi bhai, kaa, kaa," akasema. "Ajenda ya nne."

Ajenda ya nne akasimama Mzee Kobelo. Alikuwa kijana zaidi, kofia haina ndege. Akakohoa, akasema hivi, na niliyakumbuka maneno yake kwa sababu niliyasikia kweli, miaka mitano iliyopita, kwenye ukumbi huo huo: "Ndugu zangu, goti langu limeanza kusema. Mke wangu ametangulia kwenda kwetu Mgeta kulima njegere na matunda damu. Naomba mwaka huu mnitafutie mtu wa kushika funguo."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bwana Hasmukh akafuta machozi. "Mnaona unyenyekevu huo?" akasema. "Mnaona? Mtu wa namna hii tutampata wapi?" Akaingiza mkono chini ya meza akatoa saa ya ukutani.

Mzee Kobelo akaipokea kwa mikono miwili, akaketi.

Nikageuza shingo nione anayepiga makofi kwa nguvu kuliko wote pale mstari wa nyuma. Alikuwa ni mimi, miaka mitano nyuma, na shati la mistari. Viganja vyekundu.

"Ile ilikuwa ya tano," sambusa moja ikasema kutoka sahanini. "Mara saba ameomba kupumzika, na mara saba mmemwongezea saa."

"Tulidhani ni adabu tu," nikasema. "Mtu mzima hasemi nataka kubaki."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," sambusa ikasema. Bwana Hasmukh akaila.

Kisha akaniletea karatasi. Ilikuwa ile ile ya sherehe ya leo, azimio la kamati, lililochapwa na kupigwa muhuri. Nyumbani nilikuwa nimeisoma mara mbili kwa sauti mbele ya kioo na nikajiona nimependeza. "Soma kabla birika halijachemka," Bwana Hasmukh akasema. "Chai ikishamiminwa azimio ni la milele, halifutiki tena. Tumempa kubwa safari hii. Saa ameshazichoka."

Ukumbi ukaondoka, sisi tukabaki. Tukawa tumesimama uwanjani, kwenye nyasi, na birika la klabu, lile jeusi la lita kumi, liko juu ya mafiga matatu pembeni mwa mstari wa chokaa. Birika likatutangazia kwamba maji bado vuguvugu.

Nikasoma. "Kamati inaazimia kwamba Ndugu Kobelo, kwa kutambua utumishi wake..."

Mzee Kobelo, kule katikati, akazama hadi vifundoni. Ardhi ilimmeza kidogo tu, kwa upole, kama unavyopanda mche.

"Endelea," Bwana Hasmukh akasema, anatabasamu.

"...apewe, kuanzia leo, cheo cha Katibu wa Maisha..."

Akazama hadi kwenye mashavu ya miguu. Majani mabichi yakachipua kwenye bega la shati lake. Tetere akasogea kuyapisha.

"Mwenyekiti, anaota mizizi," nikasema.

"Ndiyo maana ya maisha, Banzi bhai. Asiondoke. Angalia alivyosimama imara."

"Lakini amesema mara saba anataka kwenda Mgeta."

"Amesema, sawa. Wewe umewahi kumuuliza?"

Hakuwa ananisimanga. Aliuliza kwa nia njema kabisa, jamaa wa watu, na ndiyo sababu ilinichoma. Nikajaribu kukumbuka, katika miaka tisa ya unaibu, nimewahi kumuuliza nini Mzee Kobelo. Nimemuuliza funguo ziko wapi. Mipira mipya ipo? Mechi ya Dodoma ni tarehe ngapi? Sambusa zimefika? Nimewahi hata kumuuliza, yeye mwenye goti bovu, kama anaweza kunisukumia gari. Hali yake sikuwahi kuuliza zaidi ya shikamoo, na shikamoo jibu lake ni moja tu.

"Maji yanaimba," birika likatangaza.

Nikaanza kukimbia.

Kukimbia na pedi moja imegeuka ni kazi. Uwanja nao ulikuwa unarefuka. Nilipita duka la Bwana Hasmukh lote, mabati na misumari kushoto na kulia, nikapita duka langu mwenyewe ambamo mbuzi mmoja alikuwa anasubiri dawa ya minyoo kwa ustaarabu. "Hakuna shida, nitarudi kesho," mbuzi akasema. Nikatokea katikati ya saa za ukutani. Zikanizuia, zikafunga duara, zinapiga makofi zikidhani nimekuja kutoa hotuba.

"Naomba njia," nikaziambia.

Ile ya maporomoko ikanimwagia maji. Nikapita chini ya mishale ya kubwa kuliko zote, ile iliyokwama saa nne na robo tangu siku tuliyoinunua, nikafika mbele ya koti jeupe.

"Vipi hapo?" nikasema. Pumzi zimekata. "Mwamuzi, vipi hapo?"

Saa zote saba zikashusha mishale. Hata birika likaacha kuimba.

Koti likafikiri. Likatoa vijiwe vyake sita mfukoni, likavirudisha. "Swali zuri," likasema. "Kanuni imetimia. Lakini mimi sina kidole, kama unavyoona. Mikono yangu ni mitupu. Muulize mwenyewe."

Nikamgeukia Mzee Kobelo. Alikuwa amezama hadi magotini, na jasho linamtoka kwenye nywele nyeupe chini ya kofia. Alinitazama vile anavyonitazama nikichelewa mechi, yaani bila hasira, na hilo huwa baya zaidi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Banzi. Kwenu imenyesha?"

"Haijanyesha. Mzee, nataka kukuuliza."

"Funguo ziko juu ya mlango, mkono wa kulia."

"Siulizii funguo." Unaweza kudhani swali la neno moja ni rahisi. Mimi nililiona refu kuliko azimio zima, kwa sababu nilijua likishatoka ni mimi ninayebaki na nyasi, chokaa, barua, simu za saa kumi na mbili na hilo rola. Nilitaka sana kurudi benchini. Nikaliuliza hivyo hivyo. "Mzee, umechoka?"

Akavua glavu ya mkono wa kulia, polepole, kwa meno, kama anavyofanya siku zote. Akanyanyua mkono. Kidole chake cha shahada kimepinda, kilivunjwa na mpira zamani kwenye mechi na watu wa Iringa, na hakikunyooka tena. Akakiinua juu ya kichwa chake mwenyewe, kimepinda hivyo hivyo, akajitoa.

"Sana," akasema.

Ubao wa matokeo ukafuta BADO. Ukaandika AMETOKA, na chini yake, kwa herufi ndogo, AHSANTE.

Halafu mambo yakaenda kwa kasi na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ardhi ikamwachia Mzee Kobelo kwa sauti ya kizibo kinachochomolewa. Saa saba zikarusha kofia zao juu, na kwa mara ya kwanza zote zikaonyesha wakati mmoja, saa kumi kamili jioni, wakati wa chai. Mayai ya tetere yakaanguliwa, vifaranga wawili, mmoja akauliza kama mechi imeisha. Bwana Hasmukh akaja mbio na sahani, analia na kucheka, akasema hii ndiyo sherehe bora kuliko zote na kwa nini hakuna aliyefikiria kumuuliza mapema. Birika likachemka. Likajimimina lenyewe, chai ya tangawizi, vikombe vya kila mtu, na karatasi ya azimio mkononi mwangu ikawa nyeupe haina hata herufi moja.

Mzee Kobelo alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka mpaka mabega. "Nishikie," akasema, akanipa mpira ili avue glavu ya pili. Nami, kwa mazoea ya wacheza kriketi wote duniani, nikaanza kuusugua mpira kwenye paja langu la kulia ung'ae.

"Usisugue hapo," akasema. "Hiyo suruali ya dobi."

Nikatazama. Kweli, nilikuwa nimevaa suruali yangu nyeupe ya sherehe, na paja lilikuwa na alama nyekundu ya mpira, ndefu kama kidole. Nikaona aibu. Mzee akanipiga begani, akachukua kikombe chake, akaanza kutoka uwanjani. Nje ya mstari wa chokaa njia ilipanda moja kwa moja hadi milima ya Uluguru, na huko juu niliona mtu amevaa kitenge cha njano, amesimama kati ya mistari ya njegere, mkono kiunoni, kama mke aliyeambiwa nakuja na bado anangoja. Mzee Kobelo alipanda bila kuchechemea.

Alipofika juu kidogo akageuka. "Banzi. Dakika tatu."

Nikaelekea katikati. Mbele ya vijiti vitatu. Rola lilikuwa upande wa pili, limekunja mikono ya shati ambayo halinayo, ndilo mrushaji. Likaanza kuja mbio.

"Pedi," koti likanikumbusha.

Niliinama kuigeuza pedi, na hapo nikaamka.

Palikuwa pameanza kupambazuka. Jogoo wa jirani alikuwa anabishana na adhana. Nililala kidogo nikitazama dari, nikajiambia, ndoto za mtu aliyekula ndizi nyama usiku. Kisha nikawasha taa.

Suruali yangu nyeupe ya sherehe ilikuwa imening'inia kwenye mlango wa kabati, ndani ya mfuko wa nailoni wa dobi. Mfuko ulikuwa umefungwa kwa pini kama ulivyoletwa jana. Nikausogeza kwenye mwanga. Kwenye paja la kulia, chini ya nailoni ambayo haijaguswa, palikuwa na alama nyekundu, ndefu kama kidole.

Nikakaa kitandani. Karatasi ya azimio ilikuwa mezani. Hiyo haikufutika, ilikuwa na maneno yote na muhuri. Niliikunja mara mbili, nikaiweka chini ya chupa ya dawa ya kupe.

Kisha nikachukua simu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika chache, na katika miaka yote hiyo mimi sijawahi kuwa wa kwanza kupiga. Iliita mara moja tu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kwenu imenyesha?"

"Haijanyesha. Mzee, umechoka?"

Nikasikia kwa mbali, nyumbani kwake, saa nyingi za ukutani zinagonga, kila moja kwa wakati wake. Nikasikia akivuta pumzi ndefu, na sauti yake iliporudi ilikuwa imelegea, kama kamba ya mzigo uliotuliwa.

"Sana, mwanangu," akasema. "Njoo uchukue funguo." Kisha, kabla sijapata la kujibu, akaongeza, "Una dakika tatu. Na ile pedi ya kushoto, uigeuze."